Sauti ya Kwanza, Jina la Wengine: Uchambuzi wa Kisa cha Mwimbaji wa Roki na Kundi Bandia la Mwaka 1980

Maelezo ya awali

Kisa hiki kinamhusu mwimbaji wa roki kutoka Uingereza aliyekuwa sauti ya kwanza ya kundi la Deep Purple, na ambaye, miaka kumi na moja hivi baada ya kuachishwa, alipanda majukwaani Mexico, Marekani na Kanada kwa jina la kundi hilo bila ridhaa ya wenye jina. Katika maandishi haya ataitwa Mwimbaji. Waliomwajiri wataitwa Kampuni, na wanamuziki aliopanda nao hawatatajwa kwa majina. Jina la kundi sikuliondoa, kwa kuwa kisa chenyewe ni cha jina, na kulificha kungekuwa sawa na kusimulia kesi ya shamba bila kuonyesha mpaka. Mwimbaji amejitenga na umma kwa zaidi ya miaka arobaini. Wanaolijua kundi watamtambua mara moja, na wasiolijua hawatapungukiwa na kitu kwa kukosa jina lake.

Kisa kinawafaa wanamuziki, mameneja na wanaokodisha kumbi, kwa sababu kinaonyesha jinsi mtu mwenye dai la kweli anavyoweza kulitumia vibaya mpaka akapoteza hata kile ambacho hakuna aliyekuwa akikigombania.

Usuli

Kundi lilianza Uingereza mwanzoni mwa mwaka 1968 kwa wazo la Chris Curtis, aliyekuwa mpiga ngoma wa kundi la Searchers, na kwa fedha za wafanyabiashara wa London ambao hawakuwa na uzoefu wa muziki. Jina la mwanzo lilikuwa Roundabout, yaani bembea ya kuzunguka, kwa maana kwamba wanamuziki wangepanda na kushuka huku bembea ikiendelea kuzunguka. Curtis mwenyewe alishuka mapema, lakini wazo lake lilibaki na kulitawala kundi kwa miaka yote iliyofuata. Ni vyema msomaji alikumbuke, kwani Mwimbaji alijiunga na chombo ambacho tangu kuzaliwa kwake hakikumwahidi mtu yeyote kiti cha kudumu.

Waliobaki kuwa nguzo ni mpiga kinanda Jon Lord na mpiga gitaa Ritchie Blackmore. Mwimbaji alitoka katika kundi dogo lililoitwa Maze, na alikuja pamoja na mpiga ngoma wa kundi hilo, kijana aitwaye Ian Paice. Paice ndiye mwanamuziki pekee aliyepiga katika kila safu ya Deep Purple tangu siku hiyo. Jina jipya lilitoka kwa Blackmore, ambaye bibi yake aliupenda wimbo wa zamani wenye jina hilo. Mpiga besi alikuwa Nick Simper.

Safu hiyo ilifanikiwa haraka, ila si nyumbani. Wimbo wa "Hush", uliotungwa na Joe South na kurekodiwa upya na kundi mwezi Mei 1968, ulifika nafasi ya 4 katika chati ya Marekani, wakati Uingereza haukusikika sana. Katika muda wa takriban mwaka mmoja zilitoka albamu tatu, zote zikiwa na sauti ya Mwimbaji, ambayo ilikuwa nzito, laini na yenye kuelemea nyimbo za mapenzi kuliko makelele. Alishiriki pia katika utunzi. Wimbo wa upande wa pili wa santuri ya "Hush" aliutunga yeye na Lord.

Mwaka 1969 Blackmore na Lord walitaka muziki mkali zaidi, unaohitaji koo la kupiga mayowe. Walimwendea Ian Gillan wa kundi la Episode Six, naye akaja pamoja na mpiga besi Roger Glover. Kwa majuma kadhaa mwezi Juni, safu mpya ilifanya mazoezi kwa siri huko Hanwell, magharibi mwa London, huku safu ya zamani ikiendelea na maonyesho yake kana kwamba hakuna kinachoendelea. Mapema Julai Mwimbaji na Simper walikuwa wametoka. Namna hiyo ya kumwachisha mtu haikuwa ya heshima, na anayechambua kisa hiki kwa haki hana budi kuandika hivyo waziwazi kabla ya kuyagusa makosa ya Mwimbaji mwenyewe.

Baada ya hapo mambo mawili yalikwenda sambamba. Safu mpya ilitoa albamu ya In Rock mwaka 1970 na ya Machine Head mwaka 1972, yenye wimbo "Smoke on the Water", unaosimulia moto ulioteketeza kasino ya Montreux mwezi Desemba 1971. Hilo ndilo kundi ambalo dunia ililifahamu. Mwimbaji, kwa upande wake, alihamia Marekani, akaunda kundi la Captain Beyond pamoja na wanamuziki waliotoka kundi la Iron Butterfly, akaimba katika albamu mbili za mwaka 1972 na 1973, kisha akauacha muziki na kuingia kazi ya hospitali. Muda wote huo aliendelea kupokea mirabaha, yaani mgawo wake wa mapato, ya albamu zake tatu, ambazo thamani yake ilipanda kila mafanikio ya wale waliomwachisha yalipopanda. Hilo halikuwa jambo dogo: alikuwa akilipwa kwa jasho lake la mwaka mmoja kwa sababu ya sifa iliyojengwa na wengine kwa miaka saba.

Kundi lilivunjika mwaka 1976.

Mfuatano wa matukio

Kufikia mwaka 1980 jina la Deep Purple lilikuwa halina watu jukwaani. Lord na Paice walikuwa Whitesnake, kundi la David Coverdale, aliyekuwa mwimbaji wa Deep Purple baada ya Gillan. Blackmore alikuwa na kundi lake la Rainbow, ambamo Glover naye alikuwamo, na Gillan aliongoza kundi lenye jina lake mwenyewe. Santuri za kundi ziliendelea kununuliwa, na vijana walioanza kuzisikiliza baada ya mwaka 1976 walikuwa hawajapata kuliona kundi hilo hata siku moja.

Katika nafasi hiyo iliingia Kampuni. Watu wake walikuwa wamekwisha kulijaribu jambo la namna hiyo kwa jina la Steppenwolf, wakitumia wanamuziki wa zamani wa kundi hilo bila kiongozi wake. Utaratibu ulikuwa mwepesi: tafuta jina kubwa lisilotumika, tafuta mtu mmoja aliyewahi kuwamo, mzungushie wanamuziki wa kuajiriwa, kisha uza tiketi. Kwa Deep Purple, mtu huyo mmoja alikuwa Mwimbaji. Wengine wote waliopanda naye hawakuwahi kuwa wanachama wa kundi katika safu yoyote.

Maonyesho yalianza katikati ya mwaka 1980. Mexico City walipiga mbele ya kamera za televisheni, na kipande kilichosalia kinamwonyesha Mwimbaji akiimba "Smoke on the Water". Hapa inafaa kusimama kidogo. Alikuwa akiimba wimbo uliorekodiwa zaidi ya miaka miwili baada ya yeye kuondoka, unaosimulia tukio ambalo hakuwapo, kwa ufunguo uliopangwa kwa ajili ya koo la mtu aliyechukua nafasi yake. Watu walilipa kusikia wimbo huo. Kama angeimba "Hush" peke yake pasingekuwa na ziara, na kama angeuacha "Smoke on the Water" wasikilizaji wangegundua mapema kwamba kundi walilolilipia halikuwapo.

Mwezi Agosti kundi lilifika Quebec, ambako onyesho liliishia katika ghadhabu ya watazamaji. Siku chache baadaye lilitangazwa kupiga Long Beach Arena, karibu na Los Angeles, tarehe 19 Agosti. Wasimamizi wa kundi la kweli walinunua nafasi katika gazeti la Los Angeles Times na kutangaza kwamba watu wafuatao hawangekuwapo katika onyesho hilo, kisha wakawaorodhesha: Blackmore, Coverdale, Gillan, Glover, Glenn Hughes, Lord na Paice. Onyesho lilifanyika hata hivyo.

Hatua iliyofuata ilikuwa mahakamani. Wenye kusimamia mali na jina la Deep Purple walifungua shauri nchini Marekani, na tarehe 3 Oktoba 1980 hukumu ilitolewa dhidi ya upande wa kundi bandia.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ni wa Mwimbaji kukubali. Sababu zake zinasomeka katika mazingira yake. Alikuwa nje ya muziki kwa miaka kadhaa. Alikuwa ameachishwa kwa siri katika kundi alilolianzisha pamoja na wenzake, na hakuna aliyeweza kukana kwamba sauti iliyoliingiza kundi katika chati za Marekani ilikuwa yake. Juu ya hayo, wenye jina walionekana kulitelekeza. Mtu aliye katika hali hiyo hujiona anarudi nyumbani, wala haimjii akilini kwamba anaingia nyumba ya mwingine. Huenda hata hakuhitaji kujidanganya sana.

Uamuzi wa pili ni wa Kampuni, nao haukuwa na kificho cha hisia. Ilihesabu kwamba wenye jina walikuwa Uingereza, wamegawanyika katika makundi matatu yanayoshindana, na kwamba hadi watakapokubaliana na kumpata wakili ziara ingekuwa imekwisha na fedha zimegawanywa. Mwanachama mmoja wa kweli alikuwa kinga yake: akiulizwa mtu wa ukumbi au wakala kama hili ni Deep Purple, angeweza kujibu kwamba mwimbaji wa awali yumo, na jibu hilo lingekuwa kweli. Uongo wote wa kisa hiki ulijengwa juu ya sentensi hiyo moja ya kweli.

Uamuzi wa tatu ni wa wasimamizi wa kundi kutangaza gazetini kabla ya kungoja hukumu. Nauona kuwa uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki. Tangazo halikumtukana mtu, halikujadili sheria, wala halikumtaja Mwimbaji. Liliwaambia wanunuzi wa tiketi jambo moja wanaloweza kulihakiki kwa macho yao wenyewe, na likawaachia hukumu. Ubavu wake ulikuwa katika orodha: wasomaji walipoyaona majina saba waliyoyazoea, walielewa bila kufafanuliwa kwamba hakuna aliyebaki wa kupanda jukwaani.

Uamuzi wa nne ulikuwa kwenda mahakamani badala ya kumaliza kwa mapatano. Kundi lililolala lina mali moja tu, nayo ni jina na santuri zinazouzwa kwa jina hilo. Kila onyesho baya lililopigwa chini ya jina hilo lilikuwa likiila mali hiyo. Aidha, kama ungekubalika mfano kwamba mwanachama mmoja wa zamani anatosha kulibeba jina, basi yeyote kati ya watu waliopita katika safu mbalimbali za kundi angeweza kesho yake kufanya vivyo hivyo.

Matokeo

Mahakama iliamuru malipo ya dola 168,000 kama fidia ya hasara na dola 504,000 kama fidia ya adhabu, jumla dola 672,000. Fidia ya adhabu ni mara tatu kamili ya fidia ya hasara, na uwiano huo unaeleza jinsi mahakama ilivyoutazama mradi wenyewe: haikuona kutoelewana kati ya watu waliowahi kuwa wenzi, bali udanganyifu uliopangwa dhidi ya wanunuzi. Ziara ilikoma.

Kwa Mwimbaji matokeo yalizidi hapo. Alikoma kupokea mirabaha ya albamu zote tatu alizoimba na Deep Purple. Wanamuziki wengine waliopanda naye walipoteza ajira ya miezi michache, kwa kuwa hawakuwa na chochote katika kundi hilo cha kupokonywa. Yeye peke yake ndiye aliyeingia akiwa na mali, na yeye peke yake ndiye aliyeiacha pale. Baada ya hapo hakurudi tena katika muziki wa hadhara.

Mwaka 1984 safu ya Blackmore, Gillan, Glover, Lord na Paice iliungana tena na kutoa albamu ya Perfect Strangers. Kama jina lingeachwa liendelee kuchafuliwa kwa miaka minne kati ya hapo, kurudi huko kungeanza kwa kuwaeleza watu kwamba safari hii kundi ni lile la kweli.

Uchambuzi

Kosa la msingi la Mwimbaji lilikuwa kuchanganya vitu vitatu ambavyo katika maisha ya msanii hukaa pamoja hata akavidhani ni kimoja. Cha kwanza ni historia: kwamba alikuwapo, aliimba, na wimbo ulifika nafasi ya 4. Hiyo ni yake daima, hakuna hukumu inayoweza kuifuta. Cha pili ni mirabaha, yaani sehemu ya mapato ya santuri fulani zilizotajwa katika mkataba fulani. Hiyo nayo ilikuwa yake, ila kwa mkataba, na kilicholetwa na mkataba huweza kuondoka kwa shauri. Cha tatu ni jina, ambalo kisheria ni alama inayomwambia mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani. Hiki hakikuwa chake. Aliyekijenga mpaka kikawa na thamani mwaka 1980 alikuwa mwingine, na kilisimamiwa na kampuni ambazo hakuwa na sauti ndani yake. Alichukua kile cha kwanza kama hati ya kukidai cha tatu, na kwa kufanya hivyo akakipoteza cha pili.

Yapo mabishano kwamba, kwa kuwa alikuwa mwanzilishi, alikuwa na haki kuliko Coverdale au Hughes waliojiunga mwaka 1973. Hoja hiyo ina mvuto, lakini inaangalia upande usiohusika. Swali la mahakama halikuwa nani alitangulia kuingia kundini. Lilimhusu kijana wa Long Beach anayesimama kwenye dirisha la tiketi: akiliona jina Deep Purple mwaka 1980, anaamini analipia nini? Kwa hakika hakuamini kwamba analipia mwimbaji mmoja wa mwaka 1968 na watu wanne asiowajua.

Njia halali ilikuwapo, na haikuwa ndefu. Angeweza kupanda kwa jina lake mwenyewe, akajieleza kuwa mwimbaji wa awali wa Deep Purple, na kuimba nyimbo za albamu zake tatu. Hayo yote ni kweli na hayamdanganyi mnunuzi. Ushahidi kwamba jambo hilo linawezekana uko karibu mno naye: Nick Simper, mpiga besi aliyeachishwa pamoja naye katika majira yale yale, baadaye alizipiga nyimbo za safu hiyo akiwa na kundi la Austria liitwalo Nasty Habits, kwa jina lake mwenyewe. Bila shaka kumbi zilikuwa ndogo kuliko Long Beach Arena. Tofauti ya ukubwa wa kumbi hizo ndiyo thamani ya jina, na tofauti hiyo ndiyo ambayo Mwimbaji hakuwa na haki ya kuiuza.

Upande wa wasimamizi wa kundi, kilichofanikiwa ni kasi. Tangu maonyesho ya kwanza hadi hukumu haikupita nusu mwaka, jambo ambalo Kampuni haikulitarajia. Hata hivyo walichelewa mahali pengine. Jina liliachwa tangu mwaka 1976 bila tangazo lolote la wazi kwa mawakala wa Amerika kuhusu nani anaruhusiwa kulitumia, na tangazo la gazetini liliwafikia watu wa Los Angeles baada ya watu wa Mexico City na Quebec kuwa wamekwisha kulipa. Dola 672,000 zilidaiwa kwa niaba ya wenye jina. Mnunuzi wa tiketi aliyetoka Quebec na hasira yake hakuwa mdai katika shauri hilo, na sheria ya alama ya biashara haikukusudiwa kumrudishia kiingilio. Huo ni upungufu wa kweli wa suluhisho hili, na wanaolisifu shauri hili mara nyingi huuruka.

Mawakala na wenye kumbi ndio walioshindwa kabisa. Walikuwa na njia rahisi ya kuuzuia mradi huu: kuuliza barua ya idhini kutoka kwa wasimamizi wa kundi, au hata kulinganisha majina ya wanamuziki waliokuwa wakija na majina yaliyo nyuma ya santuri yoyote iliyotoka baada ya mwaka 1969. Kwamba hawakufanya hivyo kunaonyesha kuwa jibu la "mwimbaji wa awali yumo" liliwatosha wale ambao ilikuwa faida kwao kutosheka.

Linabaki suala la adhabu iliyomfika Mwimbaji. Wapo wanaoiona kuwa imevuka kiasi, kwa kuwa mirabaha ilihusu kazi ya mwaka 1968 na 1969, aliyoifanya kwa uaminifu na ambayo haikuhusika na maonyesho ya mwaka 1980. Kimaadili nina huruma na hoja hiyo. Kivitendo, deni la ukubwa ule dhidi ya mtu anayepokea fedha kutoka kwa mdai wake huishia pale pale, kwa sababu ndiyo fedha pekee ambayo mdai hahitaji kuitafuta. Yeyote anayelipwa mirabaha na kundi aliloliacha aelewe kwamba siku atakapoligeuzia kundi hilo makali, mfuko wa kwanza kuguswa utakuwa huo.

Mwaka 2016 Deep Purple iliingizwa katika jumba la heshima la roki nchini Marekani, na sherehe ilifanyika Brooklyn tarehe 8 Aprili. Jina la Mwimbaji lilikuwa katika orodha ya waliotunukiwa, sambamba na Blackmore, Coverdale, Gillan, Glover, Hughes, Lord na Paice. Jina la Simper, ambaye hakuwahi kulitumia jina la kundi bila ruhusa, halikuwamo. Mwimbaji hakuhudhuria.